Wanawake Kumi na Watano na Mlima Mmoja

(Mada iliyotolewa na ofisi ya uratibu wa miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika, viongozi wa vikundi na wageni wetu)



Katika barua ya mwaliko tuliombwa tuzungumze juu ya wanawake na uongozi wa vikundi. Mada hiyo mmeisikia mara nyingi, na wengi wenu mnaweza kuitoa bila kushika karatasi. Kwa hiyo leo tumeacha chati na mishale ya ubaoni, tumekuja na habari za mtu mmoja. Ni mwanamke wa Kijapani aitwaye Junko Tabei, mwanamke wa kwanza duniani kufika kilele cha mlima Everest, mwaka 1975. Huenda wengi hamjapata kulisikia jina lake, ingawa hapa kwetu alifika: mwaka 1980 alipanda Kilimanjaro mpaka kileleni.

Tuseme mapema kilichotuvuta. Ushujaa wa milimani una watu wake wa kuusimulia, nasi si mabingwa wa kamba na barafu. Ila ukiichunguza safari ile ya 1975 unakuta ndani yake kikundi kidogo cha wanawake wafanyakazi waliokaa vikao, wakachangishana, wakanyimwa fedha, wakashona vifaa vyao kwa mikono yao, na mwisho wakalazimika kuamua nani kati yao apande na nani abaki. Mambo hayo tunayafahamu. Tofauti ni kwamba wenzetu waliyafanya huku wakielekea mahali penye mita 8,848 juu ya usawa wa bahari.

Junko alizaliwa tarehe 22 Septemba 1939 katika mji mdogo wa Miharu, mkoa wa Fukushima, kaskazini ya Tokyo. Jina la ukoo wa kwao ni Ishibashi. Tabei ni la mumewe. Nyumbani walikuwa watoto saba na baba yao alikuwa mchapaji. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikulia vitani, na alipofikia umri wa kuanza shule nchi yake ilikuwa imeshindwa vita na watu wanahangaika na chakula. Alikuwa mdogo wa umbo na watu walimhesabu kuwa dhaifu. Hata utu uzima ulipomkuta, urefu wake ulikuwa mita moja na nusu na kidogo tu. Akina mama wengi waliomo ukumbini humu wanamzidi.

Alipokuwa na miaka 10 alikwenda na darasa lake kupanda mlima Nasu, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,900. Ni mlima wa volkano. Ardhi inatoa mvuke na kuna chemchemi za maji ya moto. Alichokipenda siku ile, kama alivyoeleza baadaye, ni kwamba kule hapakuwa na mashindano. Kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake, na aliyekwenda polepole naye alifika. Kwa mtoto aliyeitwa dhaifu hilo halikuwa jambo dogo. Lakini kwao hapakuwa na fedha ya kugharimia matembezi ya namna hiyo, na miaka yote ya shule alipanda milima michache tu.

Alisoma chuo kikuu cha wanawake cha Showa, jijini Tokyo, akichukua fasihi ya Kiingereza na ya Kimarekani kwa nia ya kuwa mwalimu. Baada ya kumaliza masomo akajiunga na vilabu vya wapanda milima, ambavyo wakati ule vilikuwa vya wanaume. Baadhi yao walimpokea vizuri. Wengine walikataa kupanda pamoja naye, na wako waliosema kwamba amekuja kutafuta mchumba. Hapa turuhusiwe kucheka kidogo, kwa sababu mume alimpata kweli huko huko milimani: Masanobu Tabei, naye mpanda mlima. Ila mume huyo ndiye aliyebaki nyumbani na mtoto wakati mkewe yuko Everest. Waliosema maneno yale walipata jibu ambalo pengine hawakulitazamia.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa uhariri katika jarida moja la wanafizikia. Mwaka 1969, akiwa anakaribia miaka 30, alianzisha na wenzake klabu ya wanawake wapanda milima. Nia yao waliiweka wazi tangu siku ya kwanza: kwenda ng'ambo kupanda milima mikubwa, na safari hiyo waipange wao wenyewe. Neno la mwisho ndilo lenye uzito. Mwanamke kuchukuliwa kama abiria katika msafara wa wanaume lilikuwa jambo linalowezekana. Wao walitaka kushika daftari la fedha, ramani, mashauri ya kibali na uamuzi wa kurudi nyuma hali ikiwa mbaya.

Mwaka uliofuata, 1970, walikwenda Nepal kwenye mlima Annapurna III, wenye mita 7,555. Tarehe 19 Mei Junko na mwenzake Hiroko Hirakawa walifika kileleni pamoja na Washerpa wawili, kwa njia mpya ya upande wa kusini. Walikuwa wanawake wa kwanza na Wajapani wa kwanza kufika hapo. Walikuwa na kamera, lakini filamu ilipasuka kwa baridi.

Tungependa tukae kidogo juu ya safari hiyo ya Annapurna, maana katika habari nyingi za Junko hupitwa haraka ili watu wafike Everest. Wanawake wale walilelewa katika desturi ya kunyamaza na kuvumilia. Mtu mwenye heshima hasemi amechoka, hasemi hajui, wala hamsumbui mwenzake kwa kuomba msaada. Katika nyumba nyingi desturi hiyo husifiwa, na hata hapa kwetu mama asiyelalamika ndiye anayepewa sifa siku ya mazishi yake. Lakini mlimani mambo yaligeuka. Mtu asiyesema kwamba kichwa kinamuuma kwa sababu ya kimo anaweza kufa usiku. Mtu asiyesema kwamba hajui kufunga kamba fulani anawahatarisha wote waliofungwa kwenye kamba hiyo. Mwanzoni wengi katika kikundi walisita kukiri kwamba jambo hili silijui, au mzigo huu siuwezi. Mlima ukawalazimisha kusema na kupokea msaada. Sisi tunaona kwamba ushindi wa Everest ulianzia hapo, miaka mitano kabla.

Kibali cha Everest waliomba mwaka 1971. Siku hizo serikali ya Nepal iliruhusu msafara mmoja tu kwa kila msimu katika njia ile, na mataifa yalikuwa kwenye foleni. Zamu yao ikaja 1975. Miaka minne ya kungoja! Klabu nyingi zingekufa katikati, na vikundi vyetu tunavijua: mwaka wa pili mweka hazina amehama, mwaka wa tatu daftari la mahudhurio halionekani. Hawa walitumia muda huo kutafuta fedha. Katika miaka hiyo hiyo Junko alizaa mtoto wake wa kwanza, binti, mwaka 1972.

Kuhusu fedha, wafadhili wetu tunaomba mtege sikio. Walipita katika makampuni wakiomba udhamini, na jibu walilolipata mara nyingi lilikuwa kwamba wanawake wanapaswa kuwa nyumbani wakilea watoto. Junko alipeleka maombi hayo huku ana mtoto mchanga, kwa hiyo tunaweza kukisia jibu lile lilivyomchoma. Katika hatua za mwisho gazeti la Yomiuri Shimbun na kituo cha Nippon Television walikubali kuwasaidia. Hata hivyo msaada huo haukutosha, na kila mwanachama alitakiwa kutoa kiasi kinachokaribia mshahara wa mwaka mzima wa mtu wa kawaida nchini Japani. Junko akaanza kufundisha watoto piano ili apate sehemu yake.

Vifaa walivyoweza kujitengenezea hawakuvinunua. Walichukua viti vya magari vilivyokwisha kutumika, wakakata malighafi yake na kushona vifuko visivyopitisha maji na glavu za kuvaa juu ya glavu nyingine. Waliagiza manyoya ya bata bukini kutoka China wakashona mifuko ya kulalia. Mapazia ya zamani yakawa suruali. Baadhi ya wanachama walikuwa walimu, na wanafunzi wa shule moja walikusanya vipakiti vya jamu ambavyo havikutumika, wakawapa walimu wao wabebe mlimani. Tumeifikiria sana ile jamu. Kwenye taarifa ya fedha ingeandikwa kama mchango wa vitu na thamani yake ingekuwa ndogo mno. Lakini mtoto aliyeacha kula jamu yake ili iende Everest ana sehemu katika safari ile, na sisi tunaoandika taarifa bado hatujapata safu ya kumwandika.

Walikuwa wanawake 15. Kiongozi wa msafara alikuwa Eiko Hisano, na Junko alikuwa msaidizi wake. Alikuwamo mwalimu, mtaalamu wa programu za kompyuta, mshauri wa vijana. Wawili, Junko akiwa mmoja, walikuwa na watoto. Mwanzoni mwa 1975 walifika Kathmandu wakafuata njia ile ile waliyopita Edmund Hillary na Tenzing Norgay mwaka 1953 walipokuwa watu wa kwanza kufika kileleni. Waandishi wa habari na wapiga picha walikuwa pamoja nao.

Usiku wa tarehe 4 Mei walikuwa wamelala katika kambi ya pili, kwenye mita 6,300, na hapo maporomoko ya theluji yakashuka juu ya mahema. Junko na wenzake wanne waliokuwa hema moja walifukiwa. Alipoteza fahamu kwa muda unaokadiriwa kuwa dakika sita, mpaka Msherpa mmoja alipomfukua na kumvuta nje. Hakuna aliyekufa. Lakini mwili wake uliumia kiasi kwamba hakuweza kutembea vizuri, akalazimika kulala siku mbili kambini. Nyumbani kuna mtoto mdogo. Wako ambao wangerudi, na sisi tusingewalaumu. Yeye alipoweza kusimama aliendelea na kazi, akiongoza wenzake kupeleka mizigo na kuandaa kambi za juu.

Sasa tunafika kwenye uamuzi. Mpango ulikuwa kupeleka wanawake wawili kileleni. Lakini baadhi ya Washerpa waliugua kwa sababu ya kimo, na mitungi ya oksijeni ya kuwatosha wanawake wawili haikuweza kubebwa hadi kambi ya juu. Hewa ya kule ni theluthi moja hivi ya hewa tunayovuta pwani, na mtungi usipofika hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo angekwenda mwanamke mmoja. Baada ya mashauriano, Hisano akamteua Junko.

Fikirini hao wengine 14. Kila mmoja alilipa karibu mshahara wa mwaka. Kila mmoja alishona, akabeba, akalala kwenye barafu, na usiku wa maporomoko wengine walifukiwa pamoja naye. Halafu kiongozi anataja jina moja. Katika vikundi vyetu jambo dogo sana kuliko hilo, kama nani aende semina ya siku tatu mkoani, limewahi kuvunja umoja wa miaka mingi. Hatutaki kuwapaka rangi ya malaika. Walikuwa watu, na kukosa nafasi kama ile kunauma mpaka kufa. Tunachosema ni kwamba uamuzi ulifanywa na kiongozi wao wenyewe, mbele ya wote, kwa sababu iliyoweza kuhesabiwa kwa mitungi. Mtu anaweza kuumia kwa uamuzi wa namna hiyo na bado akaukubali. Uamuzi unaopikwa pembeni haukubaliki hata ukiwa sahihi.

Tarehe 16 Mei 1975, siku 12 baada ya kufukuliwa, Junko alipanda sehemu ya mwisho pamoja na Msherpa Ang Tshering. Karibu na kilele walikuta ukingo mwembamba wa barafu, mkali kama makali ya kisu, ukiteremka China upande mmoja na Nepal upande wa pili. Junko alikuwa amesoma taarifa za misafara iliyotangulia, na hakukumbuka hata moja iliyoutaja ukingo ule. Alisema baadaye kwamba alikasirika sana. Akapita kwa kutambaa kiubavu, kifua kikiwa upande wa China na miguu ikiwa upande wa Nepal, na katika maisha yake yote ya milimani hakuwahi kuwa na hofu ya namna ile.

Ndugu zetu mnaoandika taarifa za robo mwaka, hasira ile inatuhusu. Waliotangulia walifika kileleni, wakarudi, wakaandika habari za kilele, na ukingo ukasahaulika. Anayefuata ndiye anayekutana nao bila kuonywa. Taarifa zinazoletwa ofisini kwetu zina vilele vingi sana. Visima vimechimbwa, mbuzi wamegawiwa, semina imefana. Ule mwezi ambao pampu haikufanya kazi na watu walirudi mtoni hautajwi, na usharika jirani unanunua pampu ile ile.

Basi, walifika. Junko alikuwa na umri wa miaka 35. Siku 11 baadaye, tarehe 27 Mei, mwanamke wa Kitibeti aitwaye Phantog alifika kilele hicho hicho kwa upande wa kaskazini, akiwa na msafara wa Wachina. Hawakuwa wameonana wala kushindana. Dunia ilikaa zaidi ya miaka 20 tangu Hillary na Tenzing bila mwanamke kufika pale, kisha wakafika wawili katika mwezi mmoja.

Sifa zikaja kwa wingi. Serikali ya Japani ilimpongeza, mfalme wa Nepal alimpongeza, na televisheni ikatengeneza kipindi juu ya safari yao. Yeye hakuonekana kufurahia sana. Alisema mara nyingi kwamba angependa akumbukwe kama mtu wa 36 kufika kilele cha Everest, kwa maana hakuupanda mlima ili awe mwanamke wa kwanza. Wengine wamelichukua neno hilo kuwa unyenyekevu wa Kijapani tu. Sisi tunaliona kuwa na ukali ndani yake. Ukimwita mtu mwanamke wa kwanza, umemweka katika foleni yake peke yake, mbali na ile iliyo na wanaume. Akijiita wa 36, amesimama katika foleni moja na wote.

Jambo jingine alilolifanya baada ya Everest litawashangaza wageni wetu. Alikataa udhamini wa makampuni. Milango ile ile iliyokuwa imefungwa sasa ilikuwa wazi, naye hakuingia. Aliona kwamba akipanda kwa fedha ya kampuni, kupanda kutageuka kazi ya kampuni na hakutakuwa kwake tena. Akaendelea kujitegemea kwa malipo ya mihadhara, kwa kuongoza watalii milimani, na kwa kufundisha watoto muziki na Kiingereza. Vyakula na vifaa alipewa na marafiki. Wafadhili wetu wapendwa msitufikirie vibaya. Hatujafikia hapo, na barua zetu za maombi mtaendelea kuzipokea! Lakini ni vizuri mjue kwamba anayepokea naye ana swali la kujiuliza kabla ya kupokea.

Kwa fedha hiyo ya kuunga unga alizunguka dunia. Kilimanjaro, kama tulivyosema, ilikuwa 1980. Aconcagua kule Argentina, 1987. Denali ya Alaska, 1988. Elbrus ya Urusi, 1989. Vinson, katika barafu ya Antaktika, 1991. Mwaka 1992 akamaliza na Puncak Jaya kwenye kisiwa cha New Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kufika kilele kirefu kuliko vyote katika kila bara. Baada ya hapo akajipa kazi nyingine, kupanda mlima mrefu kuliko yote wa kila nchi, na alipofariki alikuwa amezimaliza nchi zaidi ya 70.

Kwa kuwa Kilimanjaro ni nyumbani, tuseme neno moja ambalo halimo katika vitabu vyake. Tumemtaja Ang Tshering kwa jina kwa makusudi. Yule Msherpa aliyemfukua Junko kwenye theluji, katika masimulizi mengi hana jina. Huku kwetu kila mwanafunzi anajifunza kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo akutajie waliobeba hema na chakula chao. Vijana wengi katika sharika za mlimani ni wapagazi, wengine ni wanakwaya wenu. Mlima ule ule unaompa mtu mmoja cheti unampa mwingine maumivu ya mgongo na posho ya siku sita.

Junko mwenyewe alirudi kuwatazama watu wa chini ya mlima, na hii ndiyo sehemu ya maisha yake tunayoiheshimu kuliko kilele. Alipofika Everest alikuwa wa 36. Baadaye wakaja mamia, kisha maelfu, na kila mmoja aliacha kitu: mitungi mitupu, mahema yaliyochanika, makopo, kinyesi. Juu sana, baridi haiozeshi kitu, na theluji inapoyeyuka maji huteremka kwenye vijiji vya Washerpa. Akiwa na miaka 60 hivi alirudi darasani, chuo kikuu cha Kyushu, na mwaka 2000 akamaliza masomo ya juu kwa utafiti juu ya uharibifu wa mazingira ya Everest unaotokana na taka za wapandaji. Alikuwa mkurugenzi wa shirika la Kijapani la kuhifadhi milima ya Himalaya, lililojenga tanuri la kuchomea taka za misafara. Yeye, mumewe na watoto wao walikwenda pia katika safari za kufanya usafi milimani, Japani na Himalaya. Mtu aliyepigiwa saluti na wafalme ameinama anaokota makopo. Angeweza kuwaachia wengine. Lakini alikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza katika nyumba ile, na alijua wageni waliofuata waliiacha katika hali gani.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi ya tsunami yaliikumba pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, na kituo cha nguvu za nyuklia kikaharibika katika mkoa wa Fukushima, mkoa wake wa kuzaliwa. Maelfu walikufa, na wengi walihamishwa wasijue watarudi lini makwao. Junko alikuwa na miaka 71. Akaanza kuwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka maeneo yaliyoathirika na kuwapandisha mlima Fuji, wenye mita 3,776, kila mwaka. Hakuwapeleka kushindana. Walikwenda kila mmoja kwa mwendo wake, kama yeye alivyokwenda kule Nasu akiwa na miaka 10.

Mwaka 2012 madaktari walimgundua ana saratani. Aliendelea kupanda katikati ya matibabu. Julai 2016 alikwenda tena Fuji na vijana wale, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho mlimani. Alifariki tarehe 20 Oktoba 2016, akiwa na umri wa miaka 77. Miaka mitatu baadaye safu ya milima iliyoko kwenye Pluto, huko mbali angani, ilipewa jina lake, mahali ambapo hakuna mtu atakayeacha makopo kwa muda mrefu ujao. Hapa duniani, safari za Fuji za vijana ziliendelea baada yake, zikiongozwa na mwanawe wa kiume.

 Maswali tutayapokea baada ya chai, na makatibu wa kamati tunawaomba msiondoke kabla ya kusaini daftari la mahudhurio.